SGR, mzee wangu na kanisa mbili za barabara moja

Watoto walitaka tupande ndege, eti ni kama saa moja tu mko Mombasa. Mzee, yaani mume wangu, akawauliza mtu amestaafu anakimbilia wapi. Basi ikawa treni ya SGR, ile reli mpya, tena ile ya saa mbili asubuhi inayosimama kila mahali, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, mpaka Mariakani, manake yeye hataki ile ya mchana inayopita mbio.

Sasa, hatukuwa tunaenda bichi. Kwetu nyumbani kuna makanisa mawili, mzee ni ACK, yaani Mwanglikana, wa kuzaliwa na mimi ni Mkatoliki, miaka yote Jumapili yeye anashukia All Saints mimi naenda zangu Holy Family, tunakutana lunch. Na Mombasa kanisa kuu la kwao na la kwetu yote yako barabara moja, Nkrumah Road, unatembea kwa mguu kutoka moja hadi lingine. Tumeishi Nairobi tangu ujana na hatukuwa tumewahi kuyaona pamoja, kila tukienda pwani ni harusi ama matanga na kurudi.

Tiketi za ekonomi ni 1,500 siku hizi, zilipanda kutoka 1,000 Januari 2024, na daraja la kwanza likatoka 3,000 likafika 4,500. Mzee alitaka daraja la kwanza kwa sababu ya magoti. Nikamwambia hiyo tofauti mara mbili ni kuku wa kupaka na chenji, tukaenda ekonomi.

Pale Syokimau kabla hujaingia mnapanga mizigo chini kwa laini, mnarudi nyuma, halafu mbwa anapitishwa akinusa begi moja moja. Watu wote kimya kama wanangoja matokeo ya mtihani. Mbwa akapita masanduku ya watu, akafika kwa kikapu changu akakwama. Akanusa, akazunguka, akanusa tena, mzee ananiangalia na lile jicho. Yule askari akavuta kamba akacheka, "Mathe, umebeba nini?" Nikamwambia ni chapo na kuku wa kukaanga. Mzee akasogea hatua mbili kando, eti hanijui, lakini hapo Emali ndiye aliulizia kikapu kiko wapi.

Ekonomi mnakaa mkiangaliana, watatu upande huu na wawili ule, na kameza katikati, kwa hivyo upende usipende utaongea. Sisi tulipata mama mmoja wa kushuka Kibwezi na tulishamaliza habari za wakwe zake kabla ya Sultan Hamud. Tsavo ndio kila mtu alitoa simu, ndovu wamejipaka ule udongo mpaka wamekuwa wekundu, na reli imeinuliwa juu kwenye tuta, imeachiwa mapito wanyama wavuke chini. Mzee naye akaanza ya reli ya zamani, ile iliyoanzwa Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, na simba waliokula wafanyakazi hapo Tsavo 1898. Treni hiyo aliipanda akiwa kijana kazini, usiku kucha, kitanda na shuka, asubuhi chai. Sasa ni masaa sita hivi, saa nane tuko Miritini na joto limetupokea mlangoni.

Kesho yake tulianza na kwetu, Holy Ghost, lilimalizwa 1923. Minara miwili mbele, na ndani ukikaa chini ya yale madirisha ya rangi unasahau kelele za Digo Road kabisa. Mama wa mbele yangu alikunja leso akaweka chini ya magoti, nikajua ndiyo maana wa pwani hawalalamiki kupiga magoti, mimi nilikuwa nimekuja mikono mitupu.

Memorial Cathedral ya ACK ilimalizwa 1905, ni ya kumkumbuka Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga 1885 na wengine. Ina kuba na matao ya Kiarabu, usipoona msalaba utafikiri ni msikiti. Na hapa nitasema tu hata paroko wangu akisoma: kwa nje, la kwao linatushinda. Ndani tunawapiga. Mzee hajakubali hiyo ya ndani mpaka leo.

Ukifuata barabara hiyohiyo unafika Fort Jesus, na humo ndani kuna mabaki ya kanisa la Wareno. Ngome walianza 1593. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa kama Mkristo wakamwita Dom Jerónimo, aliwageuka, akaichukua ngome, na Wakristo wengi wakauawa. Kanisa linawaita Mashahidi wa Mombasa. Watalii wengi hupita hapo wakikimbilia kupiga picha mizinga, mimi nilimwambia mzee tukae kidogo kivulini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakubishana.

Mnaouliza tiketi: piga *639#, lipa na M-Pesa, beba kitambulisho. Na kama ni wakati shule zimefungwa, nunua mapema.