Madam wetu wa kemia

Madam wetu wa kemia amefariki jamani. Taarifa niliikuta kwenye grupu la wasap la tuliomaliza form foo pamoja, na tangu siku hiyo watu wanaandika kumbukumbu zao mpaka usiku wa manane, hata wale ambao hawajawahi kutia neno humo. Jina sitaliweka hapa, waliofundishwa nae watamjua tu.

Tulisoma shule ya kata, zile zilizojengwa kwa wingi baada ya MMES, ule mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, kuanza 2004, na aliyepita huko anajua hali ilivyokuwa, madarasa yapo, wanafunzi tumejazana, ila mwalimu wa sayansi wa kutafuta kwa tochi na jengo la maabara limeishia kwenye lenta. Halafu ukumbuke shule ya msingi umesoma kila kitu kwa Kiswahili, ghafla kemia yote ni Kiingereza, unakariri tu ili siku ziende.

Yeye alianzia jikoni. Siku ya asidi na besi alikuja na rozela kavu, hii hii ya juisi, akailoweka kwenye maji ya moto akagawa kwenye chupa za maji zilizokatwa. Moja akaikamulia limao, ile nyekundu ikazidi kukolea. Nyingine akatia magadi, yale ya kulainishia maharage, mara rangi ikageuka ikawa kijani kilichochafuka hivi, kinaelekea bluu, darasa zima likapiga kelele. Akauliza, "Mmeona nini?" Mtu akajibu asidi na besi madam, akasema hapana, hivyo hujaviona, niambie macho yako yameona nini. Mpaka tuseme rangi ilikuwa hivi ikawa hivi ndo anashika chaki. Kiswahili kwanza, Kiingereza baadae, na sisi tuliokuwa tunaogopa kunyoosha mkono kisa lugha ndo tukaanza kuongea.

Alipenda sana kutusimulia habari ya Erasto Mpemba, kwamba 1963 akiwa form three Magamba Sekondari kule Tanga walikuwa wanatengeneza aiskrimu, yeye akaweka maziwa kwenye friji yakiwa bado ya moto ili asikose nafasi, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadae akiwa Mkwawa Sekondari kule Iringa akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka Dar, wenzake wakacheka lakini Osborne akaenda akalipima lile jambo, na 1969 wakachapisha makala pamoja, wanasayansi wanabishana mpaka leo. Madam akifika pale kwa yule mwalimu wa kwanza sauti ilikuwa inabadilika kabisa. Nadhani hicho ndo kitu alichokuwa anakiogopa kuliko vyote, mtoto aone kitu kwa macho yake halafu mwalimu wake amnyamazishe.

Form foo ilipofika, bureti, yale mabomba ya kioo yenye vipimo ya kupimia asidi, alienda kuziazima shule nyingine, akazifunga kwenye kitenge akapanda bodaboda amezipakata kifuani njia nzima. Meza zetu zilikuwa ndefu, bureti imesimama juu, na ili utuonyeshe kusoma sharti jicho liwe usawa na maji pale yanapobonyea, basi mama wa watu akapanda kwenye stuli na gauni lake, akashuka, akapanda tena, kundi hadi kundi. Na kupika data hakutaka hata kusikia. Kuna kundi lilileta namba zote tatu zinafanana mpaka desimali ya mwisho, akawarudishia karatasi bila kuwagombeza, akasema rudieni, nitawasubiri, na kweli akawasubiri mpaka giza linaingia.

Mimi leo nipo maabara ya hospitali. Kazi yangu nzima ni kuandika nilichokiona kwenye hadubini, awe daktari alitegemea malaria au hakutegemea. Sijui nani mwingine angenifundisha hivyo katika umri ule.

Maabara pale shuleni sasa imeezekwa ila vifaa bado ni haba, kwa hiyo kwenye grupu tumekubaliana hela ya rambirambi ikishapelekwa kwa familia tuanze mchango wa pili wa bureti, pipeti na stendi zake. Mkuu wa shule ameshatupa orodha. Kama ulisoma pale miaka yoyote ile na haupo kwenye grupu, mtafute aliyekuwa monita wenu, yeye anayo namba ya mweka hazina.