Yanagusana au Yako Karibu?

Leo asubuhi nilikuwa nikimtafsiria mzee mmoja hati ya shamba lake, iliyoandikwa kwa Kiingereza, nikakwama kwenye kitenzi kimoja kifupi: "abut".

Nilikuwa nimeandika kwamba shamba lake liko karibu na la jirani. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, karibu kwa kiasi gani? Kuna njia katikati, au yanagusana?"

Nikafungua kamusi.

Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambamo "bout" ni ncha au mwisho wa kitu, na tangu Enzi za Kati Waingereza wamelitumia kueleza ardhi ambayo mwisho wake unagusa mwisho wa nyingine. Ndugu yake ni "abutment", jina la ule ukuta wa mwisho wa daraja, pale linapoegemea ukingo wa mto. Kwa hiyo ujirani pekee hautoshi.

Nilichukua karatasi mbili, nikazisogeza mezani hadi kingo zake zikakutana, pasibaki hata upenyo wa unywele. Mzee akapitisha kidole juu ya mstari ule, taratibu, kisha akasema, "Basi tunapakana."

Nilifuta sentensi yangu, nikaandika neno lake. Nalipenda mno, kwa sababu ile "-na" ya mwishoni inazishirikisha pande zote mbili, ilhali kitenzi cha Kiingereza mara nyingi huanzia kwenye shamba moja tu.

Ndugu zangu, kwenu watu husemaje mashamba yanapogusana hivi?