Nilivyomrudisha kasuku wangu kwa cherehani

Mtu akikwambia kasuku akishakatwa manyoya ya mabawa haruki tena, usimpe hata sindano akushikie. Mimi niliambiwa hivyo na jamaa aliyejifanya mtaalamu wa ndege, nikaamini. Manyoya hupukutika yenyewe na mengine huota, kimya kimya kama deni, na unakuja kushtuka siku unamwona ndege wako juu ya mabati ya jirani anakuangalia kama hamjuani.

Kasuku wangu anaitwa Chaki. Ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Nilimrithi kwa mjomba wangu, marehemu, aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na jina alilipata siku ya kwanza kibandani kwangu, alipotafuna chaki tatu za kuchorea vitambaa kabla sijamaliza kunywa chai. Nina kibanda cha ushonaji hapa Majengo, Moshi, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na Chaki hushinda juu ya kijiti nilichompigilia karibu na cherehani. Anaiga mlio wa simu ya mama watoto, honi ya bodaboda, kikohozi changu, na maneno mawili ambayo wateja wangu wanayafahamu kuliko jina langu: "Njoo kesho!" Anayasema kwa sauti yangu kabisa, pamoja na kile kicheko kidogo cha kuomba radhi. Kuna mteja aliondoka mara mbili bila hata kuniona. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi, tena nguo yake ilikuwa tayari.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ile ya wingu kulala juu ya mlima siku nzima, pikipiki yenye bomba bovu ilipita mlangoni ikalia "paa!" kama bunduki. Chaki akaruka. Nilijua ataangukia kwenye mapande ya vitambaa kama kawaida yake. Hakuangukia popote. Alitoka mlangoni, akapanda, akakata kona juu ya nyaya, akaelekea upande wa Shanty Town, mtaa wa majumba makubwa, na mimi nyuma yake na tepu shingoni na kandambili mguu mmoja.

Nilikimbia nikipiga kelele jina lake, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kasuku wa nyumbani akishtuka hupanda juu kadiri awezavyo, halafu anaganda. Hatoi sauti. Ukiwa unakimbia na kufoka chini, wewe mwenyewe ndiye unayemfanya azidi kunyamaza. Naamini kabisa siku ile nilipita chini yake mara tatu.

Jioni baraza likakaa kibandani na kila mtu akawa daktari wa ndege. Mmoja akasema niweke ulimbo kwenye matawi. Ulimbo! Nimpate ndege wangu amenatana mabawa kama bahasha? Mwingine akasema niache, njaa itamrudisha. Huyu wa kwangu tangu azaliwe anawekewa karanga kwenye kikombe, njaa ingemwangusha chini ya mti kwanza. Jirani yangu, mangi mmoja mwenye roho nzuri sana, alileta maparachichi manne makubwa ya Kibosho, akaniambia nimtegee, hakuna ndege anayekataa parachichi. Nikamshukuru, nikayala mimi na watoto. Jamani, parachichi ni sumu kwa kasuku. Sisi huku tunakopanda maparachichi mpaka mlangoni ndio tungepaswa kujua zaidi, lakini watu wanawapa ndege wao wakidhani wanawapendelea.

Na yule aliyesema "nunua mwingine" sikumjibu. Kasuku wa kijivu si kuku wa soko la Mbuyuni. Tangu 2017 yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa, na hapa kwetu kufuga mnyamapori bila kibali ni kesi. Karatasi za Chaki ninazo kwenye bahasha moja na cheti changu cha ndoa.

Jumapili nikatoa tangazo. Nilibandika karatasi kuanzia Majengo hadi karibu na Double Road, shemasi akanisomea kanisani, na kijana wa jirani akaweka kwenye makundi yote ya simu aliyonayo. Niliandika: "Amepotea ndege wa kijivu, zawadi elfu thelathini." Fundi mzima, ninayepima kiuno cha mtu kwa macho, nikaandika "ndege wa kijivu" nikaishia hapo.

Hadi Jumatatu mchana nilikuwa nimeletewa njiwa watano. Mmoja alikuja ndani ya ndoo, mmoja ndani ya kofia ya chuo. Mtoto mmoja alileta kandege ka kijani kenye mdomo mwekundu, kazuri kweli, akaapa kwamba kalikuwa ka kijivu asubuhi. Ikabidi nibandike karatasi upya, mkia mwekundu kwa herufi kubwa, ila safari hii nilificha kitu kimoja: Chaki hana ukucha mmoja wa mguu wa kushoto. Na kila aliyepiga simu nilimuuliza, "Anasemaje?" Waongo wote walijibu, "Anasema kasuku."

Kati ya simu hizo moja ilinipeleka Rau. Mtu alisema kuna ndege mkubwa anapiga kelele kama mtoto aliyenyimwa ugali, hajawahi kusikia. Nikapanda bodaboda, elfu tano kwenda na kurudi na kusubiriwa, nikaingia pembeni ya msitu nikaita mpaka sauti ikakauka. Kelele kweli zilikuwepo. Nikainua macho: hondohondo wawili, wamekaa na yale madomo yao kama wamevaa kofia za chuma, wananitazama. Mbega nao walikuwa wanachungulia. Dereva wa bodaboda akasema, "Fundi, si angalau umefanya utalii."

Kilichonisaidia ni kunguru. Hili halikutoka kwa mshauri yeyote, nililiona mwenyewe. Jumanne niliamka saa kumi na moja, nikaenda kusimama Shanty Town kabla hakujapambazuka, kwa sababu makasuku hupiga kelele jua linapochomoza na linapokaribia kuzama, katikati ya mchana unapoteza muda wako. Nikasimama, sikuita. Mlima ulikuwa umefunguka siku hiyo, Kibo nyeupe pale juu, mikono imekufa ganzi. Kama saa kumi na mbili na robo nikaona kunguru, wale wenye kola nyeupe shingoni, wanazunguka kilele cha mti mmoja na kushuka kwa zamu, wamechukia kitu. Kunguru akiona mgeni kwenye mtaa wake hanyamazi. Nikawafuata mpaka kwenye geti la nyumba moja kubwa. Ndani kuna mgrivea mrefu, na juu kabisa, kwenye kitawi chembamba, kitu cha kijivu kimejikunyata. Upepo ukapeperusha manyoya, nikaona wekundu.

Nililia. Askari wa geti, babu mmoja wa makamo ya baba yangu, alidhani nimefiwa. Nilimwamkia, nikamweleza, akanifungulia. Mwenye nyumba hakuwepo, na babu alisema akirudi atamweleza yeye mwenyewe.

Sasa nikafanya jambo la kijinga ambalo hata leo mama watoto hulikumbushia chumvi ikizidi kwenye mboga. Badala ya kutulia, nikampa kijana mmoja elfu kumi apande. Kijana alipanda kama ngedere, sikatai. Alipofika usawa wa Chaki akanyoosha mkono taratibu, mimi chini nimeshika shuka na babu kwa kona nyingine, tumelitandaza kama zimamoto. Mkono ulipobakisha kama futi moja, Chaki akamtazama yule kijana kwa jicho moja, akasema "Njoo kesho!", akaruka. Kijana nusura aachie tawi. Nilikuwa sijamwambia kwamba ndege anaongea.

Bahati, hakwenda mbali. Alitua kwenye mwembe mkubwa ng'ambo ya ua huo huo, tena chini kidogo kuliko mwanzo. Nikamtoa kijana, nikatoa simu, nikapiga sauti ya mama watoto niliyoirekodi: "Chaki, njoo ule, Chaki." Kimya. Nikaunganisha kispika cha babu, kile cha kusikilizia mpira. Chaki akapanda tawi moja juu zaidi. Basi nikaita mwenyewe, kwa unyenyekevu wote, "Chaki, baba, shuka." Sauti yangu mwenyewe ikanijibu kutoka juu, "Njoo kesho!" na kile kicheko. "Shuka bwana." "Njoo kesho!" Babu alicheka mpaka rungu likamdondoka. Mimi nilisimama pale nikiwafikiria wateja wangu mmoja mmoja.

Sikuondoka hadi giza. Hapo ndipo penye siri: alipokaa wakati jua linazama ndipo atakapolala, maana kasuku hawapendi kuruka gizani, na alfajiri utamkuta hapo hapo. Kwa hiyo kama hujamshika hadi magharibi, mwache, usimmulike na tochi, weka alama ya tawi kichwani uende ukalale. Nilikwenda nyumbani lakini sikulala.

Usiku huo wazo likanijia. (Mama watoto anasema lilimjia yeye. Tumekubaliana kutokubaliana.) Kila asubuhi, nikiweka tu mguu kwenye pedeli, Chaki hushuka kijitini akaja kusimama kwenye meza ya cherehani, maana ndio saa yake ya karanga. Hamjali mtu anayemwita. Cherehani ndiyo anayoiitikia.

Saa kumi alfajiri nilikuwa namgongea mwenye guta, ile ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Cherehani yangu ni ya miguu, ile ya chuma, ukiibeba peke yako unarudi bila mgongo. Elfu kumi na tano akataka, nikampa, sikuwa na nguvu ya kubembelezana. Tulisukuma ile guta kwenda Shanty Town gizani, cherehani juu kama jeneza, mbwa wa kila geti wakitutangaza. Babu alipotuona alifungua bila kuuliza neno. Nikaiweka chini ya mwembe, tundu pembeni mlango wazi, kikombe chake cha karanga mezani mahali pake pa siku zote. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kulipoanza kupambazuka nikagundua sina kitambaa. Nikapapasa chini ya cherehani nikakuta kimoja kimejikunja, nikakiingiza chini ya sindano, nikaanza kukanyaga.

Tak-tak-tak-tak. Nilishona mstari wa kwanza nikafika mwisho, nikageuza. Sikuangalia juu. Hilo lilinishinda kuliko yote, lakini ukimkodolea macho anajiona anawindwa. Mstari wa tano nikasikia majani. Wa kumi hivi, akatoa ule mlio wa simu ya mama watoto. Kwa pembe ya jicho nikamwona anashuka, hakuruka, alikuwa anateremka tawi kwa tawi, anang'ata, anaweka mguu, anang'ata tena, kama mzee anayeshuka ngazi na fimbo. Makasuku wa nyumbani wengi hawajui kuruka kushuka chini, wanajua kupaa tu, ndiyo maana mti wenye matawi ya karibu karibu ni rehema. Tawi la mwisho lilikuwa kama mita mbili juu ya kichwa changu. Hapo alikaa. Mguu wangu ulikuwa unawaka moto, nikaendelea. Babu amesimama getini na mikono kichwani. Mwenye guta naona midomo yake inasali.

Ndipo akajiachia, "pu!", juu ya meza, akateleza, akashika gurudumu, akakaa sawa. Akachukua karanga. Mimi bado nakanyaga. Akala ya kwanza, ya pili, na ya tatu alipoinamisha kichwa nikakata uzi kwa meno, nikamfunika na kile kitambaa chote, nikamkumbatia. Aliniuma kidole gumba mpaka kwenye mfupa. Alikuwa mwepesi, kifua kimechongoka, lakini ukucha haupo, mkia mwekundu upo. Nilimpa babu elfu thelathini, akazikataa, akazikubali.

Wiki nzima nilimlisha kidogo kidogo, na mlangoni nimepigilia wavu ambao ningepaswa kuupigilia zamani.

Sasa kile kitambaa. Kilikuwa kitenge cha mama mmoja wa kwaya, sare, ya kuvaa Jumapili. Nilikuwa nimeshona mstari juu ya mstari mpaka kikawa kigumu kama zulia la mlangoni, na Chaki alikitoboa mahali sita. Nilizunguka mjini siku mbili kutafuta cha kufanana, nikapata kinachokaribia, elfu ishirini na kitu. Alipokuja kukichukua alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, halafu akaniangalia.

"Fundi, hiki ndicho nilichokuletea?"

Nikakohoa. Kutoka kwenye tundu, Chaki naye akakohoa.