Kobe wa Kigamboni kwenye ndoo ya maji

Jana nikiwa mapumzikoni kazini, hapa Leicester, Uingereza, dada yangu alinitumia picha kutoka Kigamboni, Dar es Salaam. Kobe alikuwa ameingia uani baada ya mvua, nao wakamtumbukiza kwenye ndoo iliyojaa maji, watoto wa jirani wamemzunguka, mmoja ameshika msumari na kamba. Niliwapigia papo hapo.

"Shikamoo dada. Mtoe kwenye maji kwanza, mengine tutazungumza."

"Marahaba. Kwani huyu si kasa, mdogo wangu?"

Swali hilo limeniuma kuliko picha yenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa pwani, na lugha yetu imekwisha kututofautishia kobe na kasa. Tazameni miguu kabla ya kusaidia. Kasa ana mapezi kama makasia, kobe wa maji ana ngozi kati ya vidole, lakini wa nchi kavu ana miguu minene ya mviringo kama ya tembo, hajui kuogelea, na ndani ya ndoo huzama akafa huku waliomweka wakiamini wanamtunza.

Nilimwomba dada anieleze gamba. Akasema ni la kahawia, limelala, na upande wa nyuma lina mkunjo unaofunga na kufungua kama bawaba. Basi si yule wa mgongo wa duara mwenye madoadoa meusi na manjano, ambaye chakula chake hasa ni nyasi. Huyu wa bawaba hula uyoga, matunda yaliyodondoka, majani, hata konokono na jongoo. Wali na mkate waliomwekea havimfai hata kidogo. Na ule msumari nilisihi utupwe, kwa kuwa gamba ni mfupa ulio hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, na kulitoboa ili kupitisha kamba ni kumtoboa mwenyewe.

Nimekuwa mkali hivi kwa sababu mwaka juzi nilimkuta kobe kwenye lami nyuma ya nyumba ninayopanga. Nilimbeba hadi kwa daktari wa mifugo moyo ukinidunda, maana hapa kumwona daktari huyo tu ni fedha ya kulipia chumba cha Mbagala mwezi mzima na ikabaki. Muuguzi alimgeuza taratibu, akanionyesha vinundu kwenye mapaja, akasema baadhi ya wenzake wasio na vinundu hivyo huwa na kucha kwenye ncha ya mkia, na wote asili yao ni nchi za Mediterania. Kisha akapitisha kifaa cha kusoma chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, namba ikasoma, akampigia mwenye kobe. Nilipouliza nadaiwa kiasi gani, alisema hakuna. Bibi aliyekuja kumchukua alinishika mikono yote miwili, asiweze kusema neno, nami sijasahau.

Mnaopanga kuja huku, sikieni hili pia. Uingereza haina kobe wa porini, kwa hiyo mkimkuta njiani ana mwenyewe. Ulizeni majirani na mpelekeni akapimwe namba, msimfanye wenu. Wala msibebe kobe au gamba lake kama zawadi kutoka nyumbani, kwani kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwetu Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kufuga bila kibali ni kosa.

Huyu wa Kigamboni hakuwa na jeraha. Angekuwa nalo, ningemtaka dada amwite ofisa wa wanyamapori. Nilimwelekeza amwekee maji kwenye sinia, yasifike kidevuni, anywe, kisha amrudishe kichaka kilekile alikotokea, asimpeleke mbali ambako hajui pa kujificha.

Leo asubuhi imekuja picha nyingine. Kobe ameingia chini ya majani makavu ya mwembe, kinachoonekana ni ule mkunjo wa nyuma tu, na mtoto wa msumari amechuchumaa mbali kidogo, mikono mitupu, akimlinda dhidi ya kuku.