Ninavyoiteremsha Hilux yenye mzigo kutoka Lushoto hadi Mombo

"Ukifika mteremkoni tia nyutro, dada, gari lishuke lenyewe, unaokoa mafuta." Huu wa kulitoa gari kwenye gia ndio ushauri ulionikera kuliko wote nilipoanza kuendesha gari la gia za mkono. Nimeusikia kwa madereva, kwa utingo, hata kwa mwalimu wa chuo cha udereva nilichosomea. Leo nabeba kabichi na karoti kwa Hilux ya dizeli, usukani nashika mwenyewe, na nasema bila kumung'unya maneno: ushauri huo unaua watu.

Kwa asiyeijua barabara ya Lushoto–Mombo, mkoani Tanga, ni kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba, huku mwamba, kule korongo, na hadi ufike chini umeshuka karibu mita 1,000. Mvua zikinyesha ukungu unafunika kona na mawe yanaporomoka njiani. Ukitia nyutro humo na mzigo mgongoni, kazi yote ya kulizuia gari unaiachia breki. Zinapata moto kona baada ya kona, mafuta ya breki yanafika mahali pa kuchemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na ukikanyaga pedali inazama tu. Wapo wanaozima injini kabisa! Hapo boosta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inaishiwa nguvu na usukani wa pawa unakuwa mzito, kona nayo haikusubiri. Tena hata hayo mafuta hawayaokoi. Magari ya siku hizi yenye mfumo wa kompyuta hukata mafuta ukitoa mguu kwenye pedali ya mafuta wakati gari liko kwenye gia, ila kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Mimi gia naichagua kabla mteremko haujaanza, gari likiwa bado linanitii. Madereva wa malori wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwenye kona kali za Soni ni gia ya pili, pakinyooka natia ya tatu. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayokushikia gari. Isipokuwa mshale wa mizunguko ya injini ukikaribia eneo jekundu, hapo breki kwanza. Na breki nazikanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, mwendo ukipungua naziachia zipoe. Kuegesha mguu juu ya pedali kutoka juu mpaka chini ndiko kunakoleta ile harufu unayoisikia magari yakifika Mombo. Ukiisikia kwenye gari lako, tafuta mahali pana, simama, subiri. Usimwage maji kwenye breki zenye moto, diski inaweza kupinda au kupasuka.

Kupanda nako kuna mambo yake, na hapa ndipo nilipopigania gari langu. Kijana niliyemwajiri mwanzoni alikuwa na mtindo wa kulishikilia gari mlimani kwa klachi: nusu amekanyaga, nusu ameachia, mafuta yanawaka, gari limetulia palepale. Watu walimsifu kuwa fundi. Klachi pleti ikaungua ndani ya msimu mmoja wa mboga, na pamoja na presha pleti, beringi na ufundi nikatoa laki kadhaa. Ndipo nikaamua kuendesha mwenyewe.

Aliyenifundisha kuondoka mlimani ni mzee mmoja dereva wa lori, aliyenikuta njiani nikifanya mazoezi. Nilimwamkia, akaangalia kidogo, akasema, "Mwanangu, acha kutazama miguu. Tazama boneti." Akanipangia kazi hivi. Vuta hendibreki mpaka mwisho. Tia gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo na uyashikilie hapohapo. Sasa achia klachi taratibu mno. Mlio wa injini utashuka, utakuwa mzito, na pua ya gari itainuka kidogo, kwa sababu matairi ya nyuma yanataka kusukuma nayo yamefungwa. Hapo klachi imeshika. Mguu usiende juu wala chini. Shusha hendibreki, ongeza mafuta, gari linaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Alinirudishisha zoezi hilo mpaka akaridhika, jiwe likiwa nyuma ya tairi kwa usalama. Kisha akaliondoa jiwe, akasimama pembeni, akanipungia niondoke. Niliondoka.

Mtihani wenyewe ulikuja siku ya gulio pale Soni. Foleni imesimama mlimani, gari limejaa gunia juu ya gunia, basi limenibana nyuma na dereva wake anapiga honi utadhani ana mgonjwa. Sikumjibu. Hendibreki, mafuta, klachi, boneti ikainuka, nikaondoka laini. Utingo wa basi akatoa kichwa dirishani: "Mama, wewe dereva!" Sifa hiyo niliipokea yote.

Kuna wanaoniuliza kwa nini klachi yangu ya sasa imedumu. Mguu wa kushoto ukimaliza kubadili gia unakaa sakafuni, hauegemei pedali. Kwenye foleni natia nyutro na hendibreki, hapo ndipo mahali pake. Nikipunguza gia nikiwa kwenye mwendo, naongeza mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi ili gari lisishtuke, hasa barabara ikiwa imelowa, kwa sababu Hilux yenye mzigo mdogo hutupa mkia.

Nikiegesha mteremkoni, hendibreki peke yake siiamini. Pua ikiangalia juu natia gia ya kwanza, ikiangalia chini natia rivasi, natia kigingi kwenye tairi na nageuza matairi ya mbele ili gari likiponyoka liegemee ukingo, lisiingie barabarani. Na waya wa hendibreki mpelekee fundi aukaze mara tu unapoona mkono unapanda juu kuliko zamani. Kuukaza ni kazi ya muda mfupi na hela yake ni ya soda tu, ukilinganisha na klachi.