Kichri ya choroko: ninavyokula kwa kanuni za Ayurveda

Ayurveda, tiba ya kale ya Uhindi, hutazama kwanza agni, yaani moto wa kusaga chakula. Moto huo huhesabiwa kuwa mkali adhuhuri, kwa hiyo mlo wangu mkubwa ni wa mchana; usiku nakula kidogo na mapema. Mara nyingi mlo wenyewe ni kichri, yaani mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika.

Nalowesha nusu kikombe cha choroko za njano, zilizopaazwa na kutolewa maganda, kwa saa moja, kisha namwaga maji yake. Mchele wa basmati ni nusu kikombe pia. Nayeyusha vijiko vitatu vya chai vya samli kwa moto mdogo, natia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba. Ikishaanza kupasukapasuka na kunukia, nafuatisha tangawizi iliyokunwa, mvuje chembe tu, na mwisho nusu kijiko cha manjano. Hapo usigeuke hata kidogo: manjano yakiungua huwa machungu na chakula chote kimeharibika. Mvuje nao usipopita kwenye samli hubaki na harufu ya kukirihisha. Ukikaangwa hulainika, ukakaribia ladha ya kitunguu. Sasa choroko, mchele, chumvi na vikombe vitano vya maji. Usifunike kabisa, maana povu la choroko hufurika. Baada ya dakika 35 hivi punje inapondeka kwa vidole. Ikikauka mapema, ongeza maji ya moto.

Ayurveda hutaja dosha tatu, yaani nguvu zinazoongoza mwili: vata, pitta na kapha. Mwenye vata iliyozidi (ukavu, gesi, baridi) huongezewa samli na tangawizi. Wa pitta, anayesumbuliwa na kiungulia, hupunguziwa tangawizi, akatiliwa majani ya giligilani kwa wingi. Wa kapha, mzito na mwenye makohozi, samli yake ni kidogo, pilipili manga ipo, na choroko huzidi mchele. Hizi ni hesabu za jikoni, hakuna kipimo cha maabara cha dosha. Mwenye kisukari bado ahesabu wali wake.

Tumbo hujazwa nusu kwa chakula, robo kwa maji, robo huachwa wazi. Kichri huteleza, ndiyo maana ni rahisi kupitiliza.

Na cha jana sikipashi. Wali uliolala nje ya friji huota bakteria wenye sumu isiyokufa kwa moto.