Nukta moja tu iliyokosekana

Leo nimeshinda na LTspice, programu ya kompyuta ya kuigiza saketi za umeme.

Nilikuwa na kichujio kidogo: kipingamizi cha kiloomu 1, kapasita ya maikrofaradi 1. Nilitaka kukipa wimbi langu mwenyewe, si yale yaliyo tayari.

Nikaandika kwenye chanzo cha volteji, kwa amri ya PWL inayopokea jozi za muda na volti (m ni milisekunde):
PWL(0 0 5m 5)

Nilitarajia volti zitulie kwenye sifuri, kisha zichupe hadi 5 ifikapo milisekunde ya 5.

Wapi! Zikapanda taratibu tangu mwanzo, mstari mnyoofu kama rula.

Nimeutazama ule mstari kwa muda mrefu. Kumbe PWL huunganisha nukta na nukta, basi. Ukitaka isubiri, ipe nukta ya kusubiria.

PWL(0 0 5m 0 5.001m 5)

Ikaruka! Na kapasita ikaanza kujaa kwa ule mkunjo wake. Nikasogeza kishale milisekunde 1 mbele ya mruko, yaani kipingamizi mara kapasita: volti 3.16, ile asilimia 63 ya volti 5 tuliyofundishwa darasani, iko pale pale.

Nimefurahi mno, jamani.

Kesho nina wimbi la nukta elfu kadhaa, nitalisomesha kutoka kwenye faili. Nyie huwa mnaziandaaje zenu? Nipeni uzoefu.